Mswada Uliopita Upesi

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo nimekuwa nikiiandika katika insha zangu tangu darasa la nne, na nimeiandika mara nyingi hata ikawa kama salamu ya njiani, mtu anaitamka bila kuitafuna. Mwaka huu ndipo nilipoitafuna, nikaona ni chungu. Kisa chenyewe ndicho hiki.

Mwezi wa pili, mwalimu mlezi wa chama chetu alituita ofisini sisi watatu: mwenyekiti, mweka hazina na mimi. Mkononi alikuwa na barua kutoka shule ya msingi moja hapa karibu na mji wa Voi. Mwalimu wa gredi ya sita alikuwa anaomba wanachama waende kuwasaidia watoto wake katika Somo la Jamii, mada ya Bunge na jinsi mswada unavyokuwa sheria. Kitabu chao kiko kwa Kiingereza, na watoto walikuwa wameikariri mada nzima kama kasuku. Alitaka wafundishwe kwa Kiswahili. Ijumaa tatu, dakika 35 kila Ijumaa.

"Mtaweza?" mlezi akauliza.

Nyinyi mnanijua. Mdomo wangu hutangulia, akili ikafuata baadaye na kijiti cha kutembelea. Nikajibu, "Mwalimu, hiyo ni kazi ya siku moja."

Usiku huo, badala ya kufanya hesabu wakati wa prepu (mwalimu wa Hesabu asinihukumu, nimekwisha kutubu), nilichora manila kubwa yenye mishale. Mswada unachapishwa. Unasomwa mara ya kwanza. Unakwenda kwa Kamati. Unasomwa mara ya pili. Kamati ya Bunge Zima. Unasomwa mara ya tatu. Unapelekwa kwa Rais. Unachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mishale ilikuwa ya rangi nne. Wenzangu bwenini walinisifu, nami nikalala nikiwa nimejaa kama puto.

Ijumaa ya kwanza nilibandika manila yangu ubaoni nikaanza kuimbisha. "Kusomwa mara ya kwanza!" Nao wakaitikia, "Kusomwa mara ya kwanzaaa!" Tukaenda hivyo mpaka kwenye Gazeti. Mwenyekiti alikuwa anatabasamu pembeni. Nikauliza kama kuna swali, nikitarajia kimya, maana ndiyo desturi. Kumbe kulikuwa na msichana mmoja wa dawati la mbele.

"Dada, kwani wanausoma mara tatu kwa sababu hawaelewi?"

Darasa likaangua kicheko. Nikacheka na mimi. Kisha nikafungua mdomo nijibu, na ndugu msomaji, mdomo ukabaki wazi. Sikujua. Nilikuwa nimeichora mishale yote ile na sikujua kwa nini mswada usomwe mara tatu. Nikasema tutalijibu Ijumaa ijayo, jibu ambalo kila mwanafunzi analijua lina maana gani.

Nilirudi nikaenda moja kwa moja maktaba kuitafuta Katiba ya mwaka 2010, Sura ya Nane, ile ya Bunge. Nikaisoma kwa siku tatu, nikamsumbua na mlezi. Jambo nililolipata ni kwamba hayo "masomo" matatu si kusoma kwa maana ya kusoma. Desturi tumeirithi kutoka Bunge la Uingereza, ambako zamani, kabla ya mashine za kuchapa, karani alilazimika kuusoma mswada kwa sauti ili wabunge waujue. Siku hizi kila mbunge anayo nakala yake, lakini jina limebaki. Mara ya kwanza karani husoma kichwa cha mswada tu, basi, hakuna ubishi. Ni kama mtoto anapotajwa jina mbele ya jamaa. Mara ya pili ndipo hujadiliwa wazo lenyewe: je, jambo hili tunalitaka au hatulitaki? Likikubaliwa, Bunge hujigeuza kuwa Kamati ya Bunge Zima, na hapo huingia kifungu kwa kifungu, neno kwa neno. Huko mtu anaweza kubishania "na" au "au" na asionekane mwendawazimu. Mara ya tatu mswada husimama mzima, na vifungu vyake vilivyorekebishwa, ukapigiwa kura ya mwisho.

Na kati ya mara ya kwanza na mara ya pili, mswada huwa umepelekwa kwa kamati ya wabunge wachache, ambayo huwaita wananchi waseme wanavyouona. Kifungu cha 118 cha Katiba kinaliagiza Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Hapo nilisoma haraka nikageuza ukurasa. Mlikumbuke hilo.

Ijumaa ya pili tukaja na mbinu mpya. Tuligeuza darasa kuwa Bunge. Bunge la Taifa lina wabunge 349 na Spika; sisi tulikuwa na watoto 43, na hiyo si haba. Tukaligawanya darasa kuwa maeneobunge: Dirishani, Mlangoni, Ubaoni, Kabatini na Nyuma. Kila mtu akawa Mheshimiwa. Spika tulimchagua yule msichana wa swali la juma lililotangulia. Mwalimu wake alituambia kwamba ndiye anayeongoza kwa kupiga kelele darasani, na sisi tukaona anayezijua kelele ndiye atakayeweza kuzinyamazisha. Hatukukosea. Karani akawa kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri na moyo wa kihasibu, ambaye alikuwa amenakili manila yangu yote, mpaka rangi za mishale.

Siwa ya Spika ikawa mwiko wa ugali kutoka jikoni. Hapa niruhusuni nitoke njiani kidogo. Neno hili siwa, ambalo leo ni lile rungu linalowekwa mezani Bunge linapokaa, kwa Waswahili lilikuwa jina la baragumu kubwa la wafalme. Lamu ilikuwa na siwa yake ya shaba, na Pate siwa yake ya pembe ya ndovu, na zote mbili mtu anaweza kuziona katika jumba la makumbusho la Lamu. Niliwaeleza watoto hayo, na mpishi akaingia akauliza mwiko wake utarudi saa ngapi.

Sasa tukahitaji mswada. Mheshimiwa mmoja alipendekeza soda kila Ijumaa, lakini akaulizwa pesa zitatoka wapi, akaketi. Mwingine alitaka wasichana wapewe mpira wao wenyewe. Hatimaye aliyeshinda ni kiranja wa darasa, Mbunge wa Mlangoni, aliyeleta jambo la wanaochelewa. Gredi ya sita walikuwa wamenyang'anywa kikombe cha kuwahi shuleni na gredi ya tano, na aibu hiyo ilikuwa bado mbichi. Tukamsaidia kuuandika Mswada wa Wachelewaji, vifungu vinne. Cha kwanza, jina la sheria. Cha pili, kila mwanafunzi awe ameingia langoni kabla ya kengele ya saa moja na robo asubuhi. Cha tatu, atakayechelewa atabeba maji ya kuosha vyoo kwa juma zima. Cha nne, "Hakuna udhuru utakaokubaliwa."

Kifungu hicho cha nne ni mimi niliyekitunga. Nilikipenda jinsi kilivyosikika. Kilikuwa na sauti ya serikali.

Karani akausoma mswada mara ya kwanza. Nikatazama saa: zilikuwa zimebaki dakika 11. Nikasema, "Kamati tuseme imekwisha kukaa. Wananchi tuseme wamekubali. Twende mara ya pili." Kiranja akautetea vizuri sana, mkono mmoja nyuma ya mgongo kama mheshimiwa kamili. Vifungu tukavipitisha kwa mkupuo. Kusomwa mara ya tatu, Spika akauliza wanaokubali waseme ndiyo, na mabati yakatikisika. Akauliza wanaokataa waseme la.

Kimya. Kisha kutoka Nyuma, sauti moja, tena ndogo: "La."

Spika akanitazama. "Dada, kuna la moja."

"Waliosema ndiyo wameshinda," nikamwambia. "Endelea, muda unakwisha." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa ndiye Rais, nikachomoa kalamu nyekundu na kutia sahihi yenye mikia. Katiba inampa Rais siku 14 za kuutazama mswada, ama autie sahihi ama aurudishe Bungeni pamoja na sababu zake. Mimi nadhani nilitumia sekunde 14. Kengele ikalia wakati uleule, na mwalimu wao akafurahi kiasi cha kusema sheria hiyo haitaishia mchezoni. Akaibandika ukutani juu ya kabati. Kuanzia Jumatatu itatumika.

Tulirudi shuleni tukitembea kama watu waliopandishwa cheo.

Ijumaa ya tatu ilitukuta katika mitihani, kwa hiyo tulikwenda baada ya majuma mawili. Tulifika mapema, saa ya chakula cha mchana. Nyuma ya madarasa, karibu na mfereji, nikamwona kijana mdogo akiwa na ndoo ya lita 20 iliyojaa, anaivuta zaidi ya kuibeba. Aliponiona alisimama wima.

"Habari ya mchana, Mheshimiwa Rais."

Hakuwa anafanya mzaha. Nilimjua. Alikuwa Mbunge wa Nyuma, yule wa "la" ndogo.

Nikamuuliza kama alichelewa. Akasema ndiyo. Nikamuuliza leo ni siku ya ngapi. Akasema juma lile la kwanza alibeba, na hili pia, na juma lijalo atabeba, kwa sababu jana alichelewa tena. Wako wanne, wote wa upande wa mbuga, na hupokezana ndoo.

"Kwani mnaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, dada. Lakini ndovu wakiwa njiani mama hafungui mlango."

Kwa msomaji asiyeijua Voi: mji wetu umepakana na Mbuga ya Wanyama ya Tsavo Mashariki. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280 katika Kenya nzima, na kundi kubwa kuliko yote liko huku kwetu Tsavo. Kiangazi kikikaza, ndovu hutoka usiku kutafuta maji na chochote cha kutafuna, na alfajiri huwa wako njiani wanarudi. Mtoto anayekaa upande ule na kutembea saa nzima kufika shule, akitaka kuwahi kengele, lazima atoke kungali giza. Na katika giza ndovu haonekani mpaka umemkaribia. Kwa hiyo wao husubiri kupambazuke, au mpaka mtu wa bodaboda apite na kusema njia iko wazi. Siku nyingine wanawahi. Siku nyingine wanafika paredi imekwisha.

Haya yote nayajua. Mimi nimezaliwa hapahapa. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kijana huyo anakaa huko, na sikukijua kwa sababu sikumuuliza.

"Mbona hukusema siku ile Bungeni?"

Akatazama ndoo. "Nilisema la. Halafu mkacheka." Akafikiri kidogo, akaongeza bila hasira yoyote, "Mlisema ni mchezo, dada. Lakini ndoo si mchezo."

Nilitaka kumsaidia kubeba. Akakataa, akasema mwalimu wa zamu akiona ataongezewa siku. Nikabaki nimesimama pale na manila yangu kwapani.

Darasani nilimweleza mwenyekiti, naye akamweleza mwalimu, na kabla hatujajua tufanye nini habari ilikwisha kuenea. Vijana wawili wakasimama juu ya dawati waing'oe ile karatasi ukutani. Hapo ndipo Spika wetu, ambaye hakuna aliyemwambia kikao kimeanza, alipogonga meza kwa mwiko.

"Mheshimiwa, shuka! Hiyo ni sheria. Sheria haing'olewi."

"Lakini ni mbaya!"

"Hata kama. Tuliitunga Bungeni, itatolewa Bungeni."

Mimi sikuwa nimemfundisha hayo. Lakini ndivyo ilivyo: sheria hubadilishwa kwa sheria, na kinachotakiwa ni mswada wa kuirekebisha, upite njia ileile. Ila nani auanzishe? Karani akaniuliza kama mtu asiye mbunge anaweza kulifikia Bunge. Nikamwambia ndiyo, kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni ili litunge sheria, au liirekebishe, au liifute. Basi wale wanne wakakaa Nyuma wakaandika ombi lao kwenye karatasi ya daftari. Lilikuwa na mistari sita na makosa ya sarufi matatu, na sikulirekebisha hata moja.

Jioni ile nilikwenda kwa mlezi nikamweleza yote, nikitarajia kukemewa. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Kamati ilikaa? Wananchi walisikizwa?" Nikasema muda ulikuwa mfupi. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nakumbuka Juni 2024.

Nani asiyeikumbuka? Tulikuwa kidato cha kwanza, na redio ya mpishi ndiyo iliyokuwa gazeti letu. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikuwa umechapishwa mwezi wa Mei. Ndani yake kulikuwa na kodi ya ziada ya thamani ya asilimia 16 kwa mkate. Kamati ilisikiza watu, na tarehe 18 Juni ikatangazwa kwamba kodi ya mkate na nyingine kadhaa zitaondolewa. Lakini vijana wengi walikuwa wameshaona kwamba wao wenyewe hawajasikizwa, na wakaingia barabarani. Tarehe 20 mswada ukapita mara ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115. Tarehe 25 ukapita mara ya tatu kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyohiyo waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, na watu wakapoteza maisha. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi, akaurudisha akipendekeza vifungu vyake vyote vifutwe. Mwaka uleule mahakama nazo zilikuwa zinabishana juu ya Sheria ya Fedha ya 2023, kama wananchi walishirikishwa vya kutosha: Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha tarehe 31 Julai, na Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo tarehe 29 Oktoba.

"Sikuambii ni nani aliyekuwa na haki," mlezi akasema. "Nakuambia majaji wazima walikaa miezi wakiulizana jambo ambalo wewe ulilimaliza kwa kusema 'tuseme wamekubali'."

Niliondoka ofisini nikiwa mdogo kuliko yule kijana wa ndoo.

Ijumaa iliyofuata mwalimu wa gredi ya sita alitupa vipindi viwili vilivyofuatana. Mswada wa Marekebisho ukaletwa na Mbunge wa Ubaoni kwa niaba ya wenye ombi, ukasomwa mara ya kwanza, na safari hii Kamati ikakaa kweli. Wabunge watano chini ya mwarobaini, na wananchi wakaitwa mmoja mmoja. Wale wanne wa upande wa mbuga wakaeleza njia yao. Mpishi akaeleza kwamba siku moja yeye mwenyewe aliwachemshia watoto uji saa mbili kwa sababu ndovu walikuwa wamesimama penye daraja. Msichana mmoja wa Dirishani, ambaye hakuna aliyemtarajia, akasema yeye huchelewa kwa sababu humwogesha bibi yake kwanza. Mheshimiwa mwingine akakiri hana ndovu wala bibi, yeye hulala tu. Tulicheka, lakini karani aliandika.

Kiranja, mwenye sheria yake, alikuwa na hoja, na hoja yake haikuwa ya kipumbavu. "Tukisema ndovu ni udhuru, kesho hata wa kule stendi watasema wamekutana na ndovu." Hilo likaikwamisha Kamati. Aliyeikwamua ni mlinzi wa lango. Alikuwa amekaa kando na daftari lake la wanaochelewa, akaombwa asome. Akasoma tarehe na majina, polepole, na kadiri alivyosoma ndivyo kila mtu alivyoanza kuona: wale wanne walikuwa wamechelewa siku zilezile, wote kwa pamoja. Hakuna siku hata moja ambayo mmoja wao alichelewa peke yake. Kiranja mwenyewe ndiye aliyesema, "Basi iandikwe hivyo. Wakiingia wote pamoja, ni ndovu. Akiingia mmoja, ni usingizi."

Walitaka pia kuisogeza kengele mbele hadi saa moja na nusu. Mwalimu wao akawaambia hilo darasa haliwezi, kengele ni ya shule nzima na iko mikononi mwa mwalimu mkuu. Wakanung'unika. Nikawaeleza kwamba hata Bunge lina ukuta wake: sheria yoyote inayokwenda kinyume na Katiba ni batili, hata ipite kwa kura zote. Sijui kama waliridhika. Mimi nisingeridhika.

Walipoketi kama Kamati ya Bunge Zima, kifungu cha pili kikabaki kama kilivyokuwa. Kifungu cha tatu kilibishaniwa dakika kumi nzima. Wengine walitaka maji ya vyoo yafutwe kabisa, wengine wakasema bila adhabu kikombe hakitarudi. Mwishowe juma zima likapunguzwa likawa siku moja. Kifungu changu cha nne, kile chenye sauti ya serikali, kikafutwa bila hata mtu mmoja kukitetea, na mahali pake pakaandikwa habari ya wanaoingia pamoja na ya wenye wagonjwa nyumbani. Nilikuwa nimeketi pembeni. Safari hii sikuwa Rais. Rais alikuwa mpishi, aliyekwisha kuonya kwamba hatii sahihi kitu asichosomewa.

Spika alikuwa karibu kufunga Kamati wakati karani aliponyanyua mkono, na manila yake ndogo mkononi.

"Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo. Dada alitufundisha sheria huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa katika Gazeti. Kwa hiyo hii ikibandikwa leo, itaanza majuma mawili kutoka leo."

Darasa likanyamaza. Alikuwa amesema kweli; kifungu cha 116. Nikaona macho ya watu yanageuka nyuma. Majuma mawili mengine ya ndoo.

Nilikuwa najua kilichobaki katika kifungu kile, na mdomo wangu ukataka kutangulia kama kawaida yake. Nikauzuia. Nikamwambia karani amalizie kusoma alichokiandika. Akasoma: "Isipokuwa sheria yenyewe itaje siku nyingine."

Kiti cha Nyuma kikakwaruza sakafu. Alisimama, mikono imeshika ubavu wa dawati, na mwanzoni sauti haikutoka. Spika akamngoja. Akasema "Mheshimiwa, una nafasi yako," kisha akamngoja tena.

"Mheshimiwa Spika, naomba kuongeza kifungu cha tano."

"Kisome."

"Sheria hii itaanza leo."

Kikaandikwa hivyohivyo. Kusomwa mara ya tatu hawakupiga kura ya sauti. Spika alikataa, akasema sauti humeza watu. Wakagawanyika, wanaokubali upande wa dirisha, wanaokataa upande wa mlango, wakahesabiwa. Mmoja hakuwapo siku hiyo, na Spika hapigi kura. Kura 29 za ndiyo, 12 za la. Mpishi akasomewa vifungu vyote vitano, akauliza swali moja juu ya cha tatu, akafuta mikono kwenye aproni na kutia sahihi. Karani akapanda juu ya dawati, akabandika karatasi mpya kando ya ile ya zamani.

Yule kijana hakupiga makofi na wengine. Alitoka nje kwenda mferejini, akaimwaga ndoo kwenye shina la mwarobaini, akaifuta kwa shati lake, akairudisha stoo.